Kona ya Kisigino

Naomba nizungumze nikiwa nimekaa. Si dharau, ni kwamba huu mguu mpya nikiusimamia muda mrefu unanibana hapa chini ya goti, nami nikibanwa nakuwa mkali bure. Jina langu Rehema. Nakaa Kibaha, na kazi yangu ni karani wa masjala. Dada wa mazoezi ya viungo aliniomba nije niwaambie ninyi mliokatwa miguu karibuni jinsi nilivyoumia na jinsi nilivyopona. Nilimkatalia mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia nitakuja, ila nitasema yote, na mengine hayatanipamba. Akasema njoo nayo hivyohivyo.

Basi nianze na maisha ya kabla.

Nilikuwa mtu wa mafaili. Nakaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni, natafuta faili la huyu, narudisha la yule, vumbi puani, kiuno kinauma. Sikuolewa. Nilichumbiwa mara moja mambo yakaharibika, na hayo tuyaache. Baba yangu alikuwa mtu wa Same, alikuja Kibaha kikazi akamwoa Mama, Mzaramo wa Msimbu kule Kisarawe. Baba alipofariki tukabaki wawili kwenye nyumba aliyotuachia, mimi na Mama. Mwili wangu ulikuwa mzito. Nikipanda ngazi za ofisini natweta mpaka wenzangu wananicheka, na mimi nacheka nao, lakini nikifika mezani kwangu machozi yananilenga.

Siku moja nikaenda Mlandizi sokoni kutafuta mashuka ya mitumba. Kwenye turubai moja, katikati ya mabegi na viatu, palikuwa na ubao wa magurudumu, zile wanazoita skeiti. Muuzaji mwenyewe akanitahadharisha kwamba ni mbovu, magurudumu ya mbele yamelegea, yanacheza huku na huku. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Nikauchukua pamoja na mashuka, nikawa nimeshajipangia kwamba nitauwekea ndoo za maua ziwe zinasogezeka.

Pale ofisini kuna kijana anaitwa Kelvin, anashughulika na kompyuta. Alipouona ubao akaucheka, kisha akaupindua, akavishika vile vyuma vya mbele, akaacha kucheka. Akanieleza kwamba haukuwa mbovu hata kidogo. Hiyo inaitwa surfskeiti. Magurudumu ya mbele yametengenezwa yazunguke hivyo makusudi, ili mtu aende kama wale wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari. Husukumi kwa mguu. Unakata kona tu, kushoto na kulia, kiuno ndicho injini. Kelvin alikuwa amewahi kujifunza kidogo Dar, na yale asiyoyajua tukawa tunayaangalia kwenye simu yake.

Tulikuwa tunafanyia mtaani kwetu jioni baada ya kazi, kwenye kipande cha lami mpya ambacho magari hayakuwa yamekizoea. Wiki ya kwanza nilianguka kama gunia. Wiki ya pili nikaanza kuelewa. Jicho linatangulia, bega linafuata jicho, kiuno kinafuata bega, magoti yanamalizia. Unajikunja kabla ya kuingia kwenye kona, ukishaingia unajinyoosha, na ubao unapata mwendo wenyewe. Kuna kona ya vidole, ambayo unaegemea mbele na unaona unakokwenda. Halafu kuna kona ya kisigino. Hiyo unaegemea nyuma kama unayetaka kukalia kiti ambacho hakipo, na njia iko mgongoni kwako, kwa hiyo lazima ugeuze shingo uitafute. Hiyo ilinishinda. Kila nikiingia kwenye kona ya kisigino macho yangu yanashuka kwenye miguu, na ukiangalia miguu ubao unakwama, unaruka wewe.

Mama alikuwa anatoa kigoda chake anakaa getini na khanga yake mabegani, anaangalia. Majirani walisema mengi. Mwanamke mzima, hana mtoto, hana mume, anacheza na ubao barabarani. Mama akawajibu kwamba heri huyo anayecheza na ubao, wapo wanaocheza na waume za watu. Basi wakanyamaza, maana mmoja wao lilimgusa.

Niseme ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ya miezi ile. Nilipungua. Ngazi za ofisini nikawa nazipanda naongea. Kuna jioni moja niliunganisha kona nane, za vidole safi na za kisigino za kubabaisha tu, bila kugusa chini, na nilipofika mwisho wa lami nikakuta nalia. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu na ndiyo kwanza mwili wangu ulikuwa wangu. Nawaambia haya ili mjue kwa nini baadaye nilifanya nilichofanya. Sikuwa mjinga tu. Nilikuwa nimekipata kitu, nikaogopa kunyang'anywa.

Kelvin akasema tambarare imetufundisha ya kutosha, sasa tutafute mteremko mdogo. Jumamosi moja asubuhi tukaenda Kisarawe, kule kwenye vilima, kwenye barabara iliyotulia. Aliniwekea sharti: leo kona za vidole tu, ukimaliza moja unashuka, unapanda tena kwa miguu. Kona ya kisigino kwenye mteremko tutaigusa siku nyingine. Nikaitikia. Nikafanya tatu, zote safi. Halafu nikamwambia anichukue video nimpelekee Mama. Alipoinua simu, mimi nikaingia ya vidole, nikaona imekubali, nikajitupa kwenye ya kisigino.

Macho yakashuka miguuni. Nakumbuka hata rangi ya kamba za viatu. Magurudumu ya mbele yakageuka, ubao ukaondoka, mguu wa kushoto ukabaki umeng'ang'ania lami huku mwili unazunguka. Nikasikia mlio kama kuni kavu inavunjwa. Nilipojiangalia, muundi wangu ulikuwa umepinda mahali ambapo hapana kiungo. Ngozi haikupasuka. Kiganja cha kulia kilichubuka chote na kifundo cha mkono kikateguka.

Walinipa huduma ya kwanza palepale Kisarawe, wakaufunga mguu usicheze, kisha nikapelekwa hospitali Tumbi. Mama alinikuta huko. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, anaongea taratibu. Alinionyesha picha: mifupa yote miwili ya muundi imevunjika. Akasema wataweka chuma ndani, lakini mguu umevimba sana, lazima wausubiri uvimbe upungue ndipo wapasue, pengine wiki nzima. Nikamuuliza kuhusu kuteleza. Akasema, "Kutembea utatembea vizuri tu. Hayo ya kuteleza tutayaongea mwakani."

Mimi nilisikia neno moja, mwakani. Nikalilalia na kuliamkia. Nikajiona nimerudi kwenye kiti changu na mafaili yangu, natweta kwenye ngazi.

Siku ya pili wodini nikamkumbuka Mzee Kondo. Huyu ni fundi wa kuunga mifupa kule Msimbu. Nilipokuwa mtoto, mjomba alianguka kutoka juu ya mnazi akavunjika mguu, akapelekwa kwake, na baada ya mwezi mmoja nilimwona kwa macho yangu anacheza ngoma ya arusi. Ndivyo nilivyokumbuka, mwezi mmoja. Kama mjomba alikuwa amevunjika kweli au aliteguka tu, sikujiuliza.

Nikaanza kumwambia Mama tuondoke. Sikilizeni hapa vizuri, maana ndipo kisa changu kilipo. Mama alikataa. Mama, aliyezaliwa Msimbu, aliyewahi kufungwa mkono na Mzee Kondo mwenyewe akiwa msichana, alikataa. Akasema daktari ametuambia tusubiri, basi tusubiri. Nikalia. Nikagoma kula. Uji akiniletea nageukia ukutani. Nikamwambia kwamba kama ananipenda atanitoa pale, na kama hataki basi aende nyumbani aniache. Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, "Rehema, una hakika mwanangu?" Nikamwambia ninayo.

Daktari alitusihi. Muuguzi akatusihi. Wakatuletea karatasi ya kukubali kwamba tunaondoka kwa hiari yetu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, siwezi kushika kalamu, kwa hiyo Mama ndiye aliyeweka sahihi. Jina lake ndilo lililobaki kwenye faili. Mimi karani wa masjala najua maana ya jina kubaki kwenye faili.

Mzee Kondo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mfupi mwenye haraka, mikono yake migumu, anafanya kazi huku anauliza habari za mvua Kibaha. Alinivuta mguu mpaka nikajikojolea. Akaupaka mafuta na majani aliyoyatwanga, akaupanga vipande vya mwanzi pande zote, akavikaza kwa vitambaa kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo. Alikaza kwelikweli, juu ya uvimbe uleule ambao daktari alitaka upungue kwanza. Halafu akaletwa kuku, jogoo mdogo mwekundu. Akamvunja mguu, naye akamfunga kijiti na kitambaa vilevile. Ndiyo desturi yake. Kuku akianza kuukanyagia mguu, mgonjwa naye mifupa imeshika. Kuku akafungwa kwenye uwanja wa mama mdogo Mwajuma, mdogo wake Mama, ambako tulifikia. Mimi nikawekewa godoro karibu na mlango niwe namwona.

Siku mbili za kwanza maumivu yalikuwa makubwa kuliko ya siku niliyovunjika. Yalikuwa yanawaka kwenye nyama ya mguu, hayapungui kwa kulala wala kwa kuinua. Nikiguswa kidole gumba, au kikikunjwa kidogo, napiga kelele. Mzee Kondo akaja akasema vidole kuvimba ni kawaida, dawa inashindana. Kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine vijiji vya mbali.

Siku ya tatu maumivu yakakata. Ndugu zangu, nilishangilia. Nikamwambia Mama naona imeanza kushika. Na yule kuku siku ileile alikuwa ameshusha mguu chini anajaribujaribu. Mama alinishika vidole. Akavishika tena. Akasema ni vya baridi. Akanikuna unyayo kwa ukucha akaniuliza nasikia nini, nikasema sisikii kitu, dawa imeshatuliza. Akataka kufungua vitambaa. Nikamshika mkono, nikamkaripia, nikamwambia akifungua ataharibu mifupa yangu na sitamsamehe. Alikaa pembeni yangu kutwa nzima anavipulizia pumzi vidole vyangu vipate joto, kama mtu anayefufua moto.

Siku ya nne vidole vilikuwa na rangi ya zambarau iliyoelekea kwenye weusi. Siku ya tano pakawa na harufu. Mwanzoni nikadhani ni ya yale majani. Mama hakuniuliza tena. Alikwenda jikoni, akarudi na kisu, akapiga magoti, akakata vitambaa vyote mimi nikiwa namtukana. Ndiyo, nilimtukana mama yangu. Mwanzi ulipotoka ngozi ilikuja nao. Chini yake palikuwa na malengelenge yenye maji meusi, na mguu umekuwa mgumu kama gogo. Mama akampigia Kelvin simu. Kelvin akaja na gari la kaka yake, akatukimbiza hadi Tumbi.

Daktari alikuwa yuleyule. Aliugusa, akauchoma sindano hapa na pale, akasikiliza mapigo kwa kile chombo chake. Mguu ukivimba umefungwa, alieleza, damu inakosa njia, nyama inakufa ndani kwa ndani, na maumivu yanakata kwa sababu hata mishipa ya kusikia maumivu imekufa. Hiyo siku niliyoshangilia, ndiyo siku mguu wangu ulikufa. Akasema wasipoukata sumu itapanda na nitaondoka nao.

Kisha akauliza. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Akauliza, kati yetu wawili aliotusihi siku ile, nani aliyetaka huyu atolewe hospitali apelekwe huko.

Nilikuwa na akili zangu zote. Homa ilikuwepo lakini nilimwelewa neno kwa neno. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mama akasema, "Ni mimi, daktari." Daktari akaangalia faili, akaona sahihi. Akamwambia maneno mazito ambayo sitayarudia hapa, maana baadaye alikuja kumwomba radhi kwa ule ukali wake, ingawa hakujua kwamba anayemwomba hakuwa na kosa lolote. Mama aliinamisha kichwa akapokea yote. Mimi nikageukia ukutani.

Wakanikata chini ya goti. Baadaye nilisikia kwamba yule kuku alikuwa anatembea vizuri siku mimi natolewa nyuzi.

Hayo yaliyofuata wengi wenu mnayajua, kwa hiyo sitayarefusha. Kidole ambacho hakipo kikiwasha utakikuna wapi? Nilikuwa naamka nakwenda chooni, nashusha mguu ambao haupo, naanguka. Kidonda kilitoa usaha wiki tatu upande wa nje. Mama alikuwa ananifungua na kunifunga kila asubuhi kama alivyoelekezwa na muuguzi, anaanza chini anapanda juu, hakazi, analegeza, anaingiza kidole kuhakikisha kinapita.

Habari zilienea mtaani. Mama Rehema alimtoa mtoto hospitali akampeleka kwa mganga. Wale aliowanyamazisha getini sasa walipata la kusema. Na ndugu wa Baba wakaja kutoka Same kunipa pole. Tulikuwa sebuleni, Mama anamimina chai. Shangazi yangu mkubwa akaweka kikombe chini akasema, "Wifi, sisi mtoto wetu tulimjua ana miguu miwili. Ninyi watu wa pwani na mafundi wenu mmetufanyia nini?" Mama akasimama na birika mkononi. Akaniangalia mara moja, haraka tu. Nikaangalia kikombe changu. Mama akasema, "Nisameheni."

Walipoondoka nikamuuliza kwa nini hakuwaambia ukweli. Alikuwa anafuta meza. Akasema, "Acha waseme mimi. Wewe mguu umeshapoteza, usipoteze na heshima kwa watu wa baba yako." Nilipaswa kulia pale, nimshike miguu. Sikulia. Nilipumua, nikahisi nafuu. Aibu yangu yote ipo kwenye ile nafuu.

Na uongo ukikaa nyumbani unazoeleka. Siku moja niliteleza bafuni, nikaangukia kile kisiki, maumivu yakanipanda mpaka utosini. Mama alipokuja mbio nikamwambia, "Ungenikatalia. Wewe ndiye mama, ungenikatalia." Aliniinua, akanikausha, akarudi na tambara akapangusa maji.

Mguu wa bandia nilipewa baada ya miezi mingi. Nashukuru hospitali, namshukuru huyu dada wa mazoezi aliyenivumilia nikimfokea. Nilirudi masjala. Ngazi nazipanda, polepole, mkono ukutani. Kelvin aliutunza ule ubao, na siku moja akauleta mtaani. Sikupanda siku hiyo wala mwezi huo. Nilipopanda, nilijua nimepoteza nini. Huu mguu wa mbele hausikii. Sijui kisigino changu kimebonyeza kiasi gani kwa sababu kisigino chenyewe sina. Kwa hiyo sina cha kuangalia chini. Nageuza shingo, nalipeleka jicho, bega linafuata, na kona ya kisigino ambayo ilinishinda na miguu miwili inakubali, ndogo, ya mwendo wa mtoto. Mama alikuwa getini. Alitabasamu akaingia ndani, na nilipomfuata nikamkuta amekaa kitandani amejifunika uso na khanga.

Nilikuwa naahidi kila wiki kwamba nitasema. Nitaita watu wa Baba, nitaita majirani, nitasema mimi ndiye niliyetaka. Nilikuwa nasubiri kwanza nipate nguvu. Mama alikwenda Msimbu kumsalimia mdogo wake, akiwa na presha yake ya siku zote, akaangukia uwanjani anafagia, hakuamka tena. Nilipofika alikuwa ameshawekwa ndani. Nilimwosha pamoja na mama mdogo na wanawake wengine. Wao walipiga magoti, mimi nikaletewa kigoda kwa sababu mguu huu haupigi magoti. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na mimi nikaipulizia pumzi, mbele ya watu, mpaka wakanishika mabega.

Dada wa mazoezi alitaka nitoe ushauri, nautoa. Ukiwa umefungwa, iwe plasta au mwanzi, vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, usisubiri mtu. Fungua, kimbia hospitali. Maumivu yakikata ghafla ndipo uogope. Ukiambiwa usubiri uvimbe upungue, subiri, hata kama unakiona kile unachokipenda kinakwenda mbali. Mwaka mmoja si kitu. Ningekuwa nimeshausahau. Na wewe unayeuguza, mgonjwa akilia akagoma kula kwa sababu anataka jambo la kumuua, mwache alie. Namwambia kila mama aliyekaa hapa: si ukatili. Lakini kama ulishamkubalia kwa huruma, usikubali mtu yeyote akwambie ulimchukia mwanao.

Sasa la mwisho. Siku ya arobaini ya Mama tulikuwa Msimbu, wanawake tunaandaa chakula. Niliona sitaweza kula wali ule kabla sijasema. Nikamwita mama mdogo Mwajuma palepale kwenye mikeka, watu wanasikia, nikamwambia Mama hakunipeleka kwa Mzee Kondo. Alikataa. Mimi ndiye niliyemlilia, mimi ndiye niliyemzuia kufungua vitambaa, na yeye ndiye aliyeniokoa. Nilitegemea wataniinukia.

Mama mdogo hakuacha kupepeta mchele. Akasema, "Tunajua, Rehema. Mlilala kwangu, masikio yangu yalikuwepo. Nilitaka kwenda kuwaambia watu wa baba yako, dada akanikataza. Alisema mwacheni, bado anaumwa, akipona atasema mwenyewe."

Basi alikuwa ananisubiri. Kila asubuhi alipokuwa ananifunga ule mguu alikuwa ananisubiri, na mimi nilikuwa nawaambia watu nimeshapona kwa kuwa natembea.

Mama yangu aliitwa Zena binti Shomvi. Hakunipeleka. Watu wa Baba nimewapigia simu jana, majirani nitawaambia nikirudi, na ninyi nimewaambia. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Naomba mnishike mkono niinuke.